Barua ya wazi: Kabla ya kusaini kibali kingine cha utafiti wa lishe Mwanza

Kwa: Katibu Tawala wa Mkoa wa Mwanza, Mganga Mkuu wa Mkoa, Wakurugenzi wa Jiji la Mwanza, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe, wakuu wa taasisi na vyuo vinavyofanya utafiti wa afya mkoani, maafisa lishe wote.

YAH: UTAFITI WA LISHE YA WATOTO NA MABADILIKO YA TABIA

Waheshimiwa na ndugu zetu,

Mezani kwenu hupita maombi mengi ya utafiti wa lishe ya watoto, na kichwa chake huwa ni kile kile, jina la kata tu ndilo hubadilika: uelewa, mtazamo na mwenendo wa akina mama kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23. Majibu yanajulikana kabla gari halijawashwa. Uelewa utakuwa wa wastani, mwenendo utakuwa duni, na pendekezo litakuwa elimu zaidi itolewe. Sisi tunaoandika ni wauguzi wa kliniki za watoto, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wasaidizi wa utafiti, watu wa kushika dodoso, mizani na ubao wa urefu. Ombi letu ni moja. Kila utafiti wa lishe unaotaka kuingia Mwanza uonyeshe kwanza utapima nini ndani ya bakuli la mtoto, na utajuaje kwa nini chakula kimefika humo au hakikufika. Usioweza kuonyesha hilo usipewe kibali wala senti ya halmashauri.

Nchi nzima, udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi asilimia 30 katika ule wa 2022. Katikati ya miaka hiyo Kanda ya Ziwa ilimwagiwa elimu. Mradi wa ASTUTE peke yake, uliofanya kazi Mwanza, Geita, Kagera, Kigoma na Shinyanga, ulipeleka ujumbe redioni na wahudumu majumbani, akina baba nao wakihusishwa. Ukimuuliza leo mama aliyepita kliniki mtoto aanze kula lini na ale nini, atakujibu kama kitabu. Dodoso linalomuuliza hivyo linapima kumbukumbu yake ya somo. Tena anayeuliza mara nyingi ni yule yule aliyefundisha. Mama gani atamwambia mhudumu wa afya wa kitongoji chake kwamba jana mtoto alishinda na chai ya rangi na kiporo cha ugali?

Tuanze na mchuzi, maana hapo ndipo takwimu za mwambao wa ziwa zinapoharibikia. Viashiria vya Shirika la Afya Duniani vya 2021 vinahesabu makundi manane ya chakula kwa mtoto wa umri huu, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo, na vinataka awe amekula angalau matano siku ya jana. Msaili anauliza: jana mtoto alikula samaki au dagaa? Mama anajibu ndiyo, na hasemi uongo. Dagaa walipikwa, tonge la ugali likachovywa mchuzini, mtoto akala tonge. Dagaa wenyewe walibaki kwa wakubwa, kwa kuwa mama anahofia miba au mtoto alikunja uso kwa uchungu wa kichwa cha dagaa. Kwa kanuni ya kiashiria mchuzi mtupu hauhesabiwi kuwa samaki, lakini kwenye fomu unaingia hivyo hivyo na mtoto anapata alama ya kundi ambalo hakulionja. Swali la nyongeza ni la maneno matano: alimeza dagaa mwenyewe au mchuzi? Lisipokuwemo kwenye dodoso la utafiti wa Ukerewe, Buchosa, Ilemela au Sengerema, lirudisheni kwa mwenyewe.

Kiasi nacho kinapotea. Kiashiria hakijali mtoto alikula mchicha jani moja au vijiko vitatu. Kwa kulinganisha nchi na nchi hilo linavumilika, ila kwa kujua kata ifanye nini halisaidii. Msaili abebe kijiko cha chai, kijiko cha chakula na kikombe cha mililita 250, mama aonyeshe kwa maji au kwa unga kiasi alichompa mtoto, na kiandikwe. Mtoto anayekula sinia moja na kaka zake hana kiasi cha kuonyesha, na jibu sahihi hapo ni "haijulikani". Hilo lenyewe ni matokeo. Bakuli la peke yake ni kifaa cha lishe, na bei yake ni ndogo kuliko soda ya semina.

Sasa uji. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka chakula cha nyongeza. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji takriban 300, na wa mwaka mmoja hadi miwili takriban 550. Tumbo lake linachukua gramu 30 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 7 akipita gramu 210 kwa mlo amejazwa. Uji mwepesi wa gramu 10 za unga kwa kila mililita 100 unatoa kama kilokalori 35 katika hizo mililita 100. Bakuli la mililita 200 ni kilokalori 70. Ili afikishe 200 itabidi amalize karibu mabakuli matatu ya kujaza tumbo, wakati ratiba ya nyumba ni uji wa asubuhi na labda wa jioni. Unga ukiongezwa hadi gramu 20 bakuli lile lile linatoa 140, na kijiko cha chai cha mafuta kinaongeza 40. Kipimo cha jikoni ni rahisi: uji ubaki juu ya kijiko kilichoinamishwa, usichuruzike. Ukiwa mzito kiasi cha mtoto kushindwa kuumeza, upo ujuzi wa siku nyingi wa kimea: kijiko kimoja cha chai cha unga wa ulezi uliochipushwa na kukaushwa, kikorogwe kwenye uji uliopoa kidogo, nao unalainika bila kuongezwa maji. Kisha urudishwe jikoni uchemke tena. Kimea kikitiwa kwenye uji unaotokota hakifanyi kazi, maana joto linaua vimeng'enya vyake. Anayetumia mtama badala ya ulezi aondoe vichipukizi vyote kabla ya kusaga, kwani chipukizi za mtama zina sumu ya sianidi.

Ni tafiti ngapi za mkoani zimewahi kupima uzito wa uji? Ukipita nyumba 100 na kijiko mkononi utajua mengi kuliko maswali 60 ya uelewa.

Kuna na hili la "unga wa lishe", ule mchanganyiko wa mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga unaouzwa kwa sifa ya wingi wa vitu. Nafaka tano ni kundi moja la chakula, hata zikisagwa pamoja. Soya ikiingia mbichi ina kizuizi kinachozuia mwili kumeng'enya protini. Lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza. Karanga zikisagwa pamoja na nafaka mafuta yake yanachacha ndani ya wiki chache, na karanga moja yenye ukungu inapeleka sumukuvu kwenye gunia zima. Mama anayelipa bei ya juu kwa unga huo anaacha kununua dagaa, huku akiamini amefanya vizuri zaidi. Uji wa dona, kijiko cha unga wa dagaa, kijiko cha karanga zilizosagwa leo, mchicha au matembele yaliyopondwa, pamoja na ziwa la mama: hayo ni makundi matano kamili, na yote yanapatikana sokoni Kirumba hadi kwenye genge la kisiwani.

Dagaa tunawapa nafasi yao, kwa sababu hakuna chakula cha asili ya wanyama kinachouzwa kwa vipimo vidogo namna hii kandokando ya ziwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini, mbali na kalsiamu, chuma na zinki. Sehemu kubwa ya mavuno inakwenda kuwa chakula cha kuku na mifugo, na kinachobaki kinategemea kimeanikwaje. Dagaa wa mchangani hubeba mchanga. Wakati wa masika na vuli wanachelewa kukauka, wanaoza au kuota ukungu, na bei inavurugika. Dagaa wa chanja au wa wavu ulioinuliwa wanakauka haraka na wanakuwa safi. Sasa mfundisheni mama kusaga dagaa bila kumwambia achague wa aina gani, mwone matokeo: mtoto anasikia mchanga kinywani, anatema, na mama anahitimisha kwamba mwanawe hapendi dagaa. Msaili anaandika "imani potofu". Mchanga umegeuka imani!

Hatua za kutengeneza unga wa dagaa zikifuatwa, kazi inakwenda. Wachaguliwe dagaa wa chanja wasiotiwa chumvi. Wachambuliwe, vichwa na matumbo vitolewe. Waoshwe haraka kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, mpaka chini ya beseni kusionekane mchanga. Waanikwe upya wakauke kabisa. Wakisagwa na unyevu unga unaota ukungu. Wakaangwe bila mafuta kwa moto mdogo hadi wakatike kwa vidole, wasiwe weusi maana wanakuwa wachungu. Watwangwe, unga uchekechwe kwa chujio laini, uwekwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, kiasi cha kutumika ndani ya wiki mbili tu kwa sababu mafuta ya dagaa yanachacha. Mtoto wa miezi 6 aanze na kijiko kimoja cha chai kwenye bakuli, kitiwe dakika chache kabla ya kuepua. Kikichemka muda mrefu harufu inapanda na mtoto anakataa. Kwenye mlolongo huu kuna mahali angalau pawili ambapo mama hana uwezo wa kurekebisha kitu, yaani chanja na bei. Hayo ni ya afisa uvuvi, ya kikundi cha usimamizi wa mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, na ya wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Utafiti wa lishe ya mwambao usiokuwa na mtu wa uvuvi ndani yake haujakamilika, hata kama una maprofesa watatu wa lishe.

Viazi lishe ni hivyo hivyo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kimetoa mbegu, watu wamepanda, na watafiti wanaandika kaya ngapi zinalima. Lakini Usukumani kiazi kingi huliwa kikiwa michembe (kimekatwa kikakaushwa) au matobolwa (kimechemshwa kisha kikakaushwa), na rangi ile ya chungwa inapungua kikikaushwa juani na kuhifadhiwa kwa miezi, vitamini A ikipungua nayo. Ulizeni mtoto alikula kiazi kilichotoka shambani kikachemshwa au kilichotoka ghalani, na kilikaa humo muda gani.

Wakati wa kupima una uzito wake. Tafiti nyingi hupangwa Julai hadi Septemba kwa sababu barabara ni kavu na fedha za wafadhili zimetoka. Hicho ndicho kipindi ghala lina kitu. Januari na Februari, mama akiwa kwenye palizi toka alfajiri na mtoto ameachwa na dada yake wa miaka minane, hakuna msaili. Mwambaoni kuna kalenda nyingine juu ya hiyo: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika. Siku hizo hela ya mwaloni inakauka. Swali la "jana mtoto alikula nini" likiulizwa kwenye giza lina jibu moja, likiulizwa kwenye mbalamwezi lina jibu jingine, na fomu haina hata nafasi ya kuandika tarehe ya mwezi mwandamo. Tunataka kila utafiti wa kaya upite mara mbili, mara moja kabla ya mavuno na mara moja baada yake, na mwambaoni kila ziara iandike hali ya mwezi.

Makambi ya uvuvi nayo hayamo kwenye sampuli. Majina hutolewa kwenye daftari la kijiji, na watu wa kambini Kome, Maisome au visiwa vidogo vya Ukerewe hawamo daftarini, wanahama na samaki. Wao ndio wenye hela ya leo, choo hakuna, maji ni ya ziwani na kliniki ni kwa mtumbwi. Ukiwaacha nje, utapata wastani mzuri wa watu waliotulia.

Hapo ndipo tunapofika kwenye tabia. Ujumbe wa "mpe mtoto mlo mchanganyiko" haupimiki, na usiopimika haubadiliki. Tabia iandikwe kama kazi yenye mtu, kitu, kiasi na saa: bibi au mama wa mtoto wa miezi 6 hadi 8 atie kijiko kimoja cha chai cha unga wa dagaa kwenye uji mzito wa mchana, kila siku. Ukishaiandika hivyo maswali ya kweli yanajitokeza yenyewe. Uji wa mchana unahitaji moto wa mchana. Kuni au mkaa ni wa nani? Mama mwanika dagaa yuko mwaloni saa hiyo. Uji ukikorogwa asubuhi na kuachwa hadi saa nane bila kuchemshwa tena, umekuwa shamba la bakteria. Hela ya karanga iko mfukoni mwa baba, naye yuko ziwani.

Mbinu za kuyapata majibu zipo, zinajulikana, na si ghali. Ya kwanza ni kulinganisha wanaofanya na wasiofanya: walezi 45 wanaotenda tabia hiyo moja na 45 wasiotenda, kutoka mazingira yale yale, waulizwe maswali yale yale. Nini kinarahisisha, nini kinazuia, nani anaunga mkono, nani anapinga, unakumbukaje kufanya, unapata faida gani. Kama pande zote mbili zinataja faida kwa kiwango kimoja, elimu sicho kikwazo, na fedha ya semina ihamishwe. Kama zinatofautiana kwenye nani anashika hela ya mboga, mmepata pa kuanzia. Kinachoharibu mbinu hii ni kuchagua tabia tatu kwa mpigo, au kumwita "anayefanya" mtu aliyefanya mara moja wiki iliyopita.

Ya pili ni jaribio la nyumbani la ziara tatu. Ziara ya kwanza mtafiti anaangalia na kuuliza siku nzima ya mtoto ilivyokwenda, bila kufundisha. Ya pili anarudi na mapendekezo mawili au matatu yanayolingana na nyumba hiyo, wanajadiliana na mama, mkwe na baba akiwepo, nao wanachagua moja la kujaribu kwa wiki moja au mbili. Ya tatu anauliza: mlijaribu, mlibadilisha nini, mtaendelea? Kinachotafutwa ni yale mabadiliko ambayo nyumba imejifanyia yenyewe. Pengine bibi atasema unga wa dagaa haukubaliki kwenye uji wenye sukari ila kwenye viazi vya kupondwa unakwenda. Hilo halitatoka kwenye dodoso lolote. Na msaili wa ziara ya tatu asiwe yule wa ziara ya pili, la sivyo atapewa majibu ya heshima.

Lugha ya dodoso iamuliwe ofisini, ijaribiwe, iandikwe. Kumwachia kila msaili atafsiri papo hapo kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita ni kuwa na madodoso kumi tofauti.

Upande wa vipimo tutasema kwa ukali kidogo, kwa sababu tumeona namba za udumavu zikisomwa kwenye vikao kana kwamba zimeshuka na mvua. Mtoto wa kiume wa miezi 12 kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani ana urefu wa kati wa sentimita 75.7, na wa miezi 13 ana 76.9. Tofauti ni sentimita 1.2, na hiyo ni karibu nusu ya alama moja ya Z, yaani kipimo cha mtoto yuko mbali kiasi gani na urefu wa kati wa umri wake; akiwa chini ya −2 anahesabiwa amedumaa. Maana yake ukikosea umri kwa mwezi mmoja tu, umemsogeza mtoto nusu ya alama kuelekea au kutoka kwenye udumavu. Sasa tazameni majaribio makubwa ya lishe, vyoo na kunawa mikono yaliyofanywa kwa uangalifu. WASH Benefits ya magharibi mwa Kenya, iliyochapishwa 2018, na SHINE ya Zimbabwe, iliyochapishwa 2019, zilipata ongezeko la kati ya 0.1 na 0.2 ya alama ya Z pale mtoto alipopewa pakiti ya virutubishi ya gramu 20 kwa siku pamoja na ushauri wa ulishaji. Utafiti wa kata unaokadiria umri kwa "alizaliwa wakati wa mavuno" hauwezi kuona badiliko la ukubwa huo hata likiwepo. Na makosa ya kubahatisha hayafutani. Yanatawanya namba, na namba zikitawanyika wengi wanaanguka chini ya −2. Udumavu unapanda kwenye karatasi bila mtoto hata mmoja kudumaa.

Kwa hiyo tarehe itoke kwenye kadi ya kliniki au cheti, na isipokuwepo itumike kalenda ya matukio ya kijiji iliyotengenezwa kabla. Mtoto chini ya miaka miwili apimwe amelala, juu ya hapo amesimama. Kimo cha kusimama ni pungufu kwa sentimita 0.7. Wapimaji wawe wawili, mmoja kichwani, mmoja akibana magoti na kusimamisha nyayo. Viatu, kofia na misuko minene vitolewe. Kila mtoto apimwe mara mbili, na vipimo vikipishana zaidi ya sentimita 0.7 vifutwe virudiwe. Kabla ya kuingia uwandani kila mpimaji apime watoto 10 mara mbili na alinganishwe na msimamizi. Anayeshindwa aandike fomu, asishike ubao. Mizani ijaribiwe kila asubuhi kwa jiwe la kilo 5. Mzunguko wa mkono wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, au uvimbe wa miguu yote miwili, hapo utafiti unasimama na mtoto anapelekwa kituoni, na mtafiti awe amehakikisha mapema kwamba kituo kina chakula dawa. Kupima mtoto mwenye utapiamlo mkali na kumrudisha nyumbani na sabuni ya kipande si utafiti.

Tuseme na jambo moja kuhusu matokeo ya kuazima. Jaribio la Lulun la Ecuador, lililochapishwa 2017, lilimpa mtoto yai moja kwa siku kwa miezi sita, na urefu ukaongezeka kwa 0.63 ya alama ya Z. Watu wakashangilia mayai duniani kote. Jaribio kama hilo, Mazira, likafanywa Mangochi, Malawi, wilaya ya mwambao wa ziwa, na likachapishwa 2019: kwa ujumla ukuaji haukubadilika. Watafiti wenyewe walibainisha kwamba samaki walikuwa tayari kwenye mlo wa watoto wengi. Mwanza inafanana na Mangochi kuliko milima ya Ecuador. Akija mtu na mradi wa yai moja kwa kila mtoto kisiwani Ukara, muulizeni kwanza mtoto wa Ukara anapungukiwa nini.

Vyoo na kunawa mikono kwa kibuyu chirizi viendelee, vina faida zake. Ila katika majaribio hayo ya Kenya na Zimbabwe havikuongeza urefu, basi visiandikwe kwenye maandiko ya miradi kama dawa ya udumavu. Tungeomba badala yake kila utafiti wa mwambao upime kichocho na malaria. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri kinga tiba ya kichocho kuanzia miaka miwili, wakati kampeni zetu zimezoea kuanzia shule ya msingi. Mtoto anayeogeshwa ziwani kila jioni akiambukizwa kichocho anapoteza damu na chuma ambacho unga wa dagaa unajaribu kurudisha, na mtafiti atasema unga haukufaa.

Fedha si kisingizio kwa yote haya. Halmashauri zimeelekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani, na mikataba ya lishe imesainiwa. Halmashauri yenye watoto 40,000 ina shilingi milioni 40 kwa mwaka. Hizo zikiishia kwenye mafuta ya gari na posho za vikao vya kamati, hakuna utafiti utakaozisaidia. Chanja za kuanikia dagaa kwenye mwalo mmoja, kivuli cha kulelea watoto wakati mama zao wanaanika, mabakuli na vijiko vya kipimo kwa wahudumu wa jamii: kila kimoja kinaweza kupimwa, kata hizi zikianza mwaka huu na zile mwakani, na tofauti ionekane. Mradi wa lishe wa Iringa wa miaka ya 1980 uliwahi kuonyesha nchi hii kwamba kijiji chenyewe kinaweza kupima, kuchambua na kutenda, namba zikisomwa mbele ya serikali ya kijiji kila robo mwaka. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ipo hadi leo, na mkutano mkuu wa kijiji upo. Kinachokosekana ni matokeo ya watafiti kufika huko. Yanakwenda kwenye majarida na kwenye makabati ya ofisi zenu.

Kibali kiwe na sharti. Bajeti za halmashauri hupikwa kuanzia Novemba, basi kila mtafiti aliyepita kata yoyote ya mkoa alete kwa mkurugenzi, kabla Oktoba haijaisha, karatasi moja ya Kiswahili yenye jedwali moja: kata, tabia iliyopimwa, kikwazo kilichoonekana, gharama ya kukiondoa kwa mtoto mmoja, na idara itakayobeba gharama hiyo, iwe afya, uvuvi, kilimo, maji au maendeleo ya jamii. Nakala isomwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Asiyeileta asipate barua ya kuingia wilaya nyingine, hata akija na mfadhili mkubwa kiasi gani.

Wenu katika kazi,

Wauguzi wa kliniki za watoto, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wasaidizi wa utafiti wa lishe,
Mwanza